Alifia Chini

Kwetu Wales, kwenye migodi ya makaa ya mawe, mtu akifa chini, zana zinawekwa na zamu nzima inapanda juu. Haombwi mtu ruhusa. Maiti hutangulia, wengine mnafuata mpaka mlangoni kwa mkewe, na hakuna anayeshuka tena siku hiyo. Mwenye mgodi anune atakavyo.

Ifor Probert, mchimbaji mwenzangu, aliipeleka desturi hiyo Ufaransa, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Waingereza lilituchukua sisi wachimbaji tuchimbe mahandaki mpaka chini ya Wajerumani, tuyajaze baruti. Tulichimba pekupeku, tukinong'ona, adui asitusikie. Tukilala tunaota tunachimba, tukiamka tunachimba kweli.

Asubuhi moja dari lilimwangukia Emlyn, mwenzake Ifor tangu ujana. Tulipomfukua alikuwa ameshakata roho. Ifor akaweka sururu, akavaa buti, akambeba mgongoni. Luteni Ashcombe, kijana aliyesimamia zamu yetu, akamuuliza anakwenda wapi.

"Nampandisha Emlyn, afande."

"Wapo wa kumpandisha. Rudi kazini."

"Kazi ipo kesho."

Akapanda. Sisi tukabaki, maana kuacha kazi mbele ya adui malipo yake ni risasi. Luteni, haki yake tumpe, alimshtaki kwa ukaidi tu. Ifor akapewa mwezi mzima wa kufungwa kwenye gurudumu la gari la mzinga, muda wa saa mbili kila siku, mikono imetandazwa, wapishi na nyumbu wa mizigo wakimtazama. Mazishi yenyewe hakuyaona. Nilipompelekea chai nilimsihi aombe radhi yaishe.

"Nimuombe nani?" akasema. "Niliyemkosea kazikwa na watu wasiomjua."

Siku ya kufunguliwa, kapteni wa kikosi chetu alimuonya mbele yetu sote: akirudia, atapigwa risasi. Ifor akaitikia, akashuka kazini.

Majuma machache baadaye Wajerumani walilipua handaki la jirani, hewa yetu ikajaa gesi ya sumu. Luteni aliingia kuwatoa vijana wawili. Waliotoka hai ni wale vijana. Yeye tulimvuta kwa miguu, uso umeshageuka rangi.

Ifor alimtazama kitambo. Nilijua anachowaza, nikamshika mkono.

"Usifanye, ndugu yangu. Watakuua. Na huyu ndiye aliyekufunga."

"Alifia chini," akasema, akazifuata buti zake.

Mimi nilikuwa nimechoka mpaka mifupani. Nilimuonea uchungu Ifor, nikamuonea na yule Luteni aliyelala pale, na kuogopa kwenyewe nikaona ni kazi nyingine. Nikaweka sururu. Nyuma yangu nikasikia nyingine zikiwekwa, moja baada ya moja.

Kapteni alitukuta juu, kwenye matope, kofia mkononi, Luteni katikati yetu. Akauliza nani ameanzisha. Akatutazama mmoja mmoja, akamtazama na Luteni, kisha akaamuru tufungwe sote.

Sajini alikwenda, akakawia, akarudi akijikuna shingo.

"Afande," akasema, "magurudumu hayatoshi."