Kiganja Nyuma ya Mimbari

Mama aliingia kanisani taratibu, kama mtu anayetembea usingizini, viatu mkononi, ingawa hakuna aliyemwambia avue. Mwanga wa vioo vya rangi ukamwagika kichwani pake, wa bluu, halafu mwekundu, halafu bluu tena. Hata mimi, niliyepiga plasta kuta hizi miezi saba, siku ile nilijihisi mgeni ndotoni mwa mtu.

"Jamani, limekuwa jipya!" akasema. "Wamisionari wakifufuka leo, watabisha hodi."

Kichwa kikanivimba. Mji mzima wa misheni umechakaa, nyumba za mawe zimeota majani paani, lakini kanisa linang'aa, na kazi ni yangu. Mimi nikiona tundu ukutani, silali.

"Haya, nipeleke kwa baba yako."

Baba alifariki ningali nabebwa mgongoni. "Makaburi si yako nje, mama?"

"Nyuma ya mimbari. Alikuwa kibarua hapa. Plasta ikiwa mbichi akabonyeza kiganja chake, padri akamfokea, weee! Tulipooana alinileta, nikatia changu ndani ya chake. Picha yake yenyewe ilishaliwa na mchwa. Sikukwambia, nilitaka nikuonyeshe mwenyewe."

Nilikikumbuka: kiganja kipana, kidole gumba kimepinda. Nilidhani ni utundu wa kibarua fulani, nikamtukana, nikakijaza chokaa, nikasugua mpaka pakawa laini kabisa. Ningeuliza mtu? Thubutu! Mimi na ujuaji wangu.

Mama alikuwa tayari anapapasa ukuta, macho kafumba, mkono ukielea juu na chini. Ningeweza kumwambia tumekosea ukuta. Ulimi ukakataa.

"Mama, nimekiziba mimi. Sikujua. Nisamehe."

Akaganda. Nilitamani anichape, kama zamani.

"Ulikiziba kwa mwiko?"

"Kwa vidole. Mwiko haukuingia."

"Kidole kwa kidole?"

"Ndiyo, mama. Kimoja kimoja."

Akauchukua mkono wangu, na sugu zake zote, akaulaza shavuni pake. Shavu lilikuwa limelowa.

"Basi umemshika mkono baba yako," akasema.

Tukasimama hapo, mwanga ukituhama polepole, hakuna aliyekuwa na haraka.

"Hebu niambie," akanong'ona, "kilikuwa kikubwa kweli, au ni mimi tu ninavyokikumbuka?"

"Kikubwa, mama. Changu kilizama chote."