Najat Hakungojwa

Nurudin alikata roho alfajiri ya Jumatano, na kabla jua halijachomoza mkewe Shamsa alikuwa ameshapiga simu nne: kwa shehe, kwa muuza sanda, kwa mwenye turubai, na kwa matroni wa shule ya bweni kule Magu.

"Najat asiambiwe," alimwambia matroni. "Leo saa nane ana mtihani wa mwisho, historia ya dunia. Akijua atafeli. Akimaliza, baba yake mdogo atamfuata."

Historia hiyo ilikuwa ya watu wawili. Nurudin alikuwa fundi cherehani hapo Mirongo, aliyeishia darasa la saba, lakini tangu binti yake aingie kidato cha tano alikuwa akisoma naye. Kila likizo walikaa kwenye meza ya kukatia nguo, baba akiandika miaka kwa chaki ya kitambaa, 1453, 1492, 1789, 1914, na mtoto akieleza jinsi dunia ilivyogeuka kila mwaka huo. Konstantinopoli imeanguka mikononi mwa Waturuki. Kolombo amevuka bahari. Wafaransa wamemwasi mfalme wao, hatimaye wakamkata kichwa.

"Na cherehani je?" Nurudin aliuliza kila mara. "Mizinga mmeiandika, meli mmeziandika. Aliyewavalisha hao askari hamumtaji?"

"Baba, cherehani haimo kwenye silabasi."

"Basi silabasi yenu iko uchi."

Walicheka mpaka wateja wakachungulia. Shamsa, mwenye diploma ya ugavi na kazi ya kutunza stoo, hakuona kinachochekesha. Yeye alitaka daraja la kwanza, chuo, kisha ajira. Mengine yalikuwa maneno.

Saa tatu asubuhi Farouk, mdogo wa marehemu, aliingia uani. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Shemeji, nimezungumza na shehe. Anasema kuharakisha ni sunna, lakini kwa udhuru kama huu tukizika kesho asubuhi hakuna ubaya. Mtoto atoke kwenye mtihani, aje amwone baba yake."

"Maiti haingoji mtihani, Farouk."

"Ni usiku mmoja tu."

"Kwa joto hili? Na akifika hapa akazimia, nani atamshika? Wewe? Wewe mwenyewe unalia tangu alfajiri. Kaka yako alisema akifa asilazwe. Tunazika baada ya adhuhuri."

"Makaburini wanawake wetu hawaendi. Haki yake mtoto ni kumwona uso tu, shemeji. Ni hiyo tu."

"Nimeshasema."

Mtaa mzima ulijua kwamba Shamsa hasemi jambo mara mbili.

Maiti ikaoshwa, ikavishwa sanda. Shehe alifunua uso na kuwaita wenye haki ya kuaga. Shamsa aliingia, akainama, akatoka. Saa saba na nusu jeneza lilipandishwa mabegani, wanaume wakaondoka nalo kwa mwendo wa haraka, na sauti zao za dhikri zikapotelea ng'ambo ya mto Mirongo. Shamsa akaoga, akavaa nguo nyeupe za eda, akakaa mkekani. Kila kitu kilikwenda kama alivyokipanga.

Magharibi ilipokwisha kusaliwa, Farouk alimfikisha Najat. Njia nzima alikuwa ameshindwa kusema, na njia nzima mtoto alikuwa akimsimulia maswali ya mtihani. Najat alikatisha maelezo yake alipoona turubai na viatu vilivyorundikana mlangoni. Aliingia sebuleni na begi mgongoni. Wanawake wakainamisha vichwa. Akamtazama mama yake, akazitazama zile nguo nyeupe.

"Yuko wapi?"

"Alitutoka alfajiri, mwanangu. Tumeshamzika."

"Saa ngapi?"

"Saa saba na nusu."

Najat alisimama pale pale. "Saa saba na nusu mtihani ulikuwa haujaanza. Nilikuwa nimekaa nje ya bweni na Rose, tunataniana. Nilikuwa nacheka, mama."

"Ndiyo maana sikutaka ujue. Ulihitaji akili yako."

"Leo nimeandika kurasa kumi na mbili juu ya wafu nisiowajua." Sauti yake haikupanda. "Nani alisema nisingojwe? Shehe?"

Mlangoni, Farouk alitazama chini. Shamsa hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya wengine.

"Mimi."

Najat alivua begi taratibu, akalishusha. Shamsa alidhani atapiga kelele, na kwa kelele alikuwa amejiandaa: maji yalikuwepo, shangazi wawili walikuwa tayari kumshika. Mtoto akaja, akapiga magoti mbele yake.

"Wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwaje?"

"Kama amelala."

"Kila mtu husema hivyo. Niambie wewe. Ndevu walimchana? Lile jicho la kushoto, lisilofumba vizuri hata usingizini, lilifumba? Alikuwa kama ana maumivu, au yalikuwa yameisha?"

Shamsa aliutafuta uso wa mume aliyeishi naye miaka ishirini na mbili, akaupata wa juzi, wa mwaka jana, wa siku ya ndoa. Wa leo hakuupata. Wakati shehe anafunua sanda, mtu alikuwa ameita kutoka uani kwamba masufuria hayatoshi, naye akageuka kumjibu, akasema yaazimwe kwa jirani yao Mwanaheri. Alipogeuka tena, sanda ilikuwa imefungwa.

Angeweza kudanganya. Neno moja tu lingemtosha mtoto.

"Sikumtazama, Najat," alisema. "Nilikuwa naagiza masufuria."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, ya kwanza tangu alfajiri. Alinyoosha mkono. Najat aliutazama ule mkono, akainuka, akaenda kukaa upande wa pili wa chumba, kati ya shangazi zake.