Foku ya Baiskeli ya Aminieli

Baiskeli ya marehemu Aminieli ilikuwa imeinama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Foku yake ya springi, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ilikwisha kufa: ukiikandamiza inazama, haipandi tena. Ndugu walipogawana vitu vya marehemu, hakuna aliyeitaka. Dada yake, Elisifa, aliichukua. Kwa miaka kumi na tisa mdogo wake alishuka nayo kutoka Kidia, Old Moshi, hadi mjini, na sasa dada aliapa kushuka nayo mwenyewe.

Aliikokota hadi mtaa wa Soweto mjini, kwa Shedrack, fundi aliyekuwa rafiki wa marehemu.

"Dada, foku nyingi za siku hizi ni za magurudumu makubwa," Shedrack alisema. "Hii ni inchi ishirini na sita. Mitumba ikifika, nitakuchagulia."

"Hutachagua peke yako. Utaniita."

"Nitakuita, dada."

Alimwita wakati kazi imekwisha. Foku mpya ilikuwa nyeusi, inang'aa, na ndefu kuliko ya zamani. Elisifa aliinama akatazama gurudumu.

"Breki ya mbele iko wapi?"

"Foku hii ni ya breki za diski. Haina pale pa kufungia breki zako za kubana rimu. Lakini ya nyuma ipo, dada, tena inakamata hatari!"

"Shedrack, unaujua mteremko wa Kidia?"

"Naujua."

"Siku ya mvua?"

Fundi alijikuna kisogo. "Pale pabaya si utashuka, uikokote?"

"Nirudishie ya zamani."

Fundi alisema kwa sauti ndogo: "Nilimpa mtu wa vyuma chakavu."

Elisifa alilipiga tandiko la baiskeli kofi. Kwenye foku ile Aminieli alikuwa amechonga kwa msumari jina la mama yao, Elinipendo.

"Umepima jina la mama yangu kwa kilo!"

Watu walisimama. Muuza ndizi wa jirani alimnong'oneza mteja wake, "Mwache, ana msiba."

"Sina hasira za msiba!" Elisifa alimgeukia. "Nina hasira za breki!"

Akaikokota baiskeli kupanda mlima wote hadi nyumbani, na kila aliyempa pole njiani, yeye alimjibu kwa mkato.

Jumapili, baada ya ibada, Shedrack alitokeza kwenye migomba. Mkono mmoja ameshika foku kuukuu ya chuma, mwingine ameshika isale, ule mmea unaopandwa mipakani, shina na majani yake. Huko kwao, mtu akija na isale kuomba msamaha humkatalii, hata kama amekukosea namna gani. Elisifa alilijua hilo, na ndilo lililomchoma zaidi: fundi amebisha mlango usioweza kufungwa!

"Shikamoo, dada. Nimekosa."

"Marahaba." Aliipokea. "Isale nimepokea. Breki sijapokea."

"Ile ya zamani niliifuata, dada. Wameshaipeleka kuyeyushwa." Fundi aliinua foku. "Hii ni ya baiskeli yangu ya kwanza. Haina springi, itakutikisa mpaka meno. Lakini inaingia sawasawa, na breki zako zinafungika. Ile nyeusi ni laini, breki haina. Chagua wewe."

"Leo ndiyo unaniuliza?"

"Leo, dada."

"Funga hiyo ngumu. Na wewe ndiye utakayeshuka nayo kwanza."

Aliifunga palepale uani, akafunga na breki, kisha akashuka. Elisifa alisimama juu ya mteremko akitazama. Kwenye kona ya kanisa fundi alibana breki zote mbili. Raba zikalia, baiskeli ikasimama. Alirudi akiikokota, shati limelowa jasho.

Elisifa hakumsifu. Alimkabidhi msumari.

"Andika Elinipendo. Na usikosee herufi."

Shedrack alichonga polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipoondoka, Elisifa alichukua lile shina la isale, akaenda nyuma ya nyumba, kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, ambako udongo wa kaburi la Aminieli ulikuwa haujashikamana. Akalichomeka upande wa kichwani, akalishindilia kwa kisigino.

"Rafiki yako amekuja kuomba msamaha," alimwambia. "Nimempa. Lakini usidhani nimeacha kukasirika."

Kesho yake asubuhi alishuka mjini kwa baiskeli, meno yakigongana, vidole viwili juu ya kila breki.