Umri wa Kidole cha Bwana Kagiri

Saa tatu na nusu asubuhi, jua lilipofika kwenye dirisha la mashariki la maabara ya kituo kimoja cha afya huko Gatina, mtaani Kawangware, fundi wa maabara Wakoli na mlinzi wa lango waliisogeza meza ya mkuu wa maabara hatua nne kushoto. Nyuma ya meza alikuwa Bwana Naftaly Kagiri mwenyewe, juu ya kiti chenye magurudumu, naye alisogezwa pamoja nayo. Saa nne kasoro dakika kumi kope zake zilifunguka. Saa nne kamili alinyoosha mkono akachukua kalamu. Wafanyakazi wenye fomu za kutiwa saini waliingia mmoja mmoja bila kupoteza wakati, kwa kuwa ikifika saa nane jua lingehamia upande wa vyoo, na meza haikuweza kupita katika mlango wa vyoo.

Bwana Kagiri aliajiriwa akiwa mtu wa damu moto. Alipoukaribia umri wa kustaafu, alikwenda kwa wakili akaapa kwamba alizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa, yaani miaka minne baada ya mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho chake. Majuma mawili baadaye, kipimajoto kilichowekwa kwapani mwake kilionyesha joto la chumba. Kiapo cha pili kilimpunguzia miaka minne mingine, na mikono yake ikaota magamba madogo, safi, yaliyopangwa vizuri. Kiapo cha tatu kilisema alizaliwa mwaka ambao binadamu alitembea mwezini, jambo ambalo mama yake alilikumbuka vizuri, ingawa alikuwa amefariki miaka tisa kabla ya kuulizwa. Tangu hapo Bwana Kagiri alikula mara mbili kwa mwezi, chapati na maharagwe, na kila Jumapili baada ya ibada alilala juu ya paa la ghorofa lake la kupangisha, wapangaji wakianika nguo kumzunguka.

Naibu wake, Everlyne Kanini, alikuwa naibu kwa miaka kumi na tisa. Kila siku alitembea kwa miguu kutoka Kibera, nyuma ya mtaa wa Olympic, hadi Gatina, na hakuwahi kuchelewa. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa katika hospitali ya misheni huko Machakos, tarehe thelathini na moja Julai, na hakuwahi kuapa kuhusu jambo lolote lililokuwa limekwisha kuandikwa. Damu yake ilikuwa moto. Magoti yake yaliuma, nywele zilikuwa na mvi, na mwezi Julai uliokuwa ukija angetimiza miaka sitini na kwenda nyumbani.

Kabla ya kwenda alitaka jambo moja. Ndani ya kabati la chuma, nyuma ya kiti cha Bwana Kagiri, palikuwa na hadubini mpya iliyoletwa miaka sita iliyopita, ingali katika karatasi yake ya nailoni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mkuu. Hadubini iliyotumika ilikuwa na ukungu kwenye lenzi, na mtu aliyetazama makohozi kupitia kwayo aliona kitu kama uji. Vijidudu vya kifua kikuu vilivyokuwa vingi vilionekana. Vilivyokuwa vichache vilirudi nyumbani na wenyewe.

Celine, mama fua wa Kabiro, alikuwa amepewa majibu mara tatu kwamba hana ugonjwa, na mara tatu alikuwa amerudi akikohoa.

"Madam," alimwambia Everlyne kupitia dirisha la maabara, "hiyo mashini yako imezeeka kuniliko. Ama ni mimi haioni? Nimekonda sana?"

"Inakuona, Celine. Haioni kilicho ndani yako."

"Na ile ingine mnafichia nani? Harusi?"

Everlyne alikuwa ameomba ufunguo kwa barua kumi na moja. Bwana Kagiri alizisoma zote kwa utaratibu, kuanzia mstari wa kwanza, na katika kila barua jua lilimkimbia kabla hajafika mwisho. Kama yeye angestaafu, naibu angekaimu, na anayekaimu hukabidhiwa funguo. Hesabu ya Everlyne haikuwa na jambo jingine.

Mwezi Februari ulikuja waraka kutoka juu. Ulisema kwamba kwa kuwa wafanyakazi wengi walikuwa wakizaliwa upya mbele ya mawakili, makaratasi yasiaminiwe tena, na umri wa kila mtu uthibitishwe kwa mwili wake. Kamati iliundwa, ikiongozwa na Bi. Wacera, mwanamke mwenye miwani mbili, moja ya kusoma na nyingine ya kusikiliza. Kwa Bwana Kagiri kamati iliamua kutumia njia inayotumika kwa wanyama wa damu baridi. Chura, mjusi na kobe hukua wakati wa joto, na baridi inapoingia mifupa yao husimama kukua na kuacha mstari mweusi. Anayekata mfupa kipande chembamba na kuhesabu mistari huujua umri wa mnyama. Katika wadi nzima ya Gatina, aliyejua kukata tishu hivyo alikuwa Everlyne Kanini.

Bwana Kagiri hakupinga. Alikishika kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akakizungusha, na pingili ya mwisho ikatoka bila damu, kama mkia wa mjusi. Akampa naibu wake.

"Kwa manufaa ya kazi," alisema, na kope zake zikajifunga.

Everlyne aliiweka pingili katika asidi hadi mfupa ukalainika, akaizamisha katika nta, akaikata, akaipaka rangi. Kazi hiyo ilichukua siku nane. Kisha akatazama kwa lenzi ya ukuzaji mdogo, ambayo ukungu wake ulikuwa mwepesi. Ngozi ilikuwa nyororo kama ya kijana. Nyuzi zinazoshikilia nyama, ambazo kwa mzee hukakamaa kama kamba iliyoachwa juani, zilikuwa bado zinavutika. Zile chembe za rangi ya kahawia ambazo hujilimbikiza katika misuli ya kila aliyeishi sana, na ambazo Everlyne alijua anazo tele, hazikuwapo. Tishu za Bwana Kagiri hazikuwa zimeshinda uzee. Zilikuwa zimeuahirisha.

Mfupa, hata hivyo, ulikuwa mkweli. Kila baridi ya Julai iliyopita juu ya Nairobi ilikuwa imeacha mstari wake, mweusi na mnene kiasi cha kuonekana hata katika ukungu. Mistari ya miaka kumi na mmoja ya mwisho ilikuwa imebanana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Ile ya zamani, ya wakati wa damu moto, mfupa ulikuwa umejiandikia baadaye, kama mwanafunzi aliyekosa masomo anavyonakili daftari la mwenzake. Everlyne alihesabu mara tatu. Mistari ilikuwa sitini na minane. Aliandika sitini na minane, akatia saini, akapeleka.

Jioni hiyo dada yake Katunge, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni pao Kibera, aliipokea habari kwa vigelegele vilivyowatoa majirani nje.

"Everlyne! Sasa wewe ni bosi! Miezi mitano pia ni bosi!"

"Sijaitwa bosi. Nimehesabu mistari."

"Aki wewe. Hata kucheka kidogo haiwezekani?"

Kamati ilikaa, ikaisoma taarifa, ikaona kwamba mtu wa miaka sitini na minane alipaswa kuwa nyumbani kwa miaka minane. Wajumbe walilijadili hilo kwa muda mrefu, kwa sababu watatu kati yao nao mikono yao ilikuwa baridi. Hatimaye Bi. Wacera alisema kwamba haki haiwezi kusimama juu ya sampuli moja, na akaagiza sampuli ya pili ichukuliwe. Ili mfanyakazi asiumizwe mara mbili mahali tofauti, ichukuliwe mahali palepale.

Wakati huo majuma sita ya jua kali yalikuwa yamepita, na kidole cha Bwana Kagiri kilikuwa kimeota tena. Kilikuwa na rangi ya kijivu kidogo na hakikuwa na alama za vidole, lakini kilishika kalamu. Pingili ilitoka kwa urahisi kuliko ya kwanza.

Everlyne aliikata, akaitazama. Kiungo kinachoota upya kwa mjusi hakirudishi mfupa. Hurudisha gegedu tupu, laini kama la sikio, lisilojua Julai hata moja. Hapakuwa na mstari.

Katunge alipoelezwa aliacha kuchambua maharagwe.

"Sasa sikiza, dadangu. Andika sitini na minane tena. Nani atajua? Ni wewe peke yako unajua kusoma hizo vitu."

"Ndiyo maana siwezi."

"Huyo mzee anadanganya miaka kumi na mbili, wewe hutaki kudanganya kidole?"

"Kidole hakikudanganya, Katunge. Kina majuma sita."

Aliandika alichokiona: gegedu, hakuna mstari hata mmoja. Chini yake akaongeza maelezo ya nusu ukurasa kuhusu viungo vinavyoota upya, kwa mwandiko ulionyooka aliofundishwa shuleni kwa rula. Kazi ilifanywa inavyopaswa kufanywa, na hakuna aliyewahi kusema vinginevyo.

Kamati ilikutana mara ya mwisho katika ukumbi mmoja Kibera, karibu na nyumbani kwa Everlyne, naye akaitwa kutoa maelezo.

"Sampuli ya kwanza?" aliuliza Bi. Wacera.

"Sitini na minane," alisema karani.

"Ya pili?"

"Sufuri, Bi. Mwenyekiti."

"Wastani?"

Karani aligawanya kwa mbili. "Thelathini na minne."

"Bi. Mwenyekiti," alisema Everlyne, akasimama. "Naomba kusema. Hiyo ya pili ilitoka kwenye kidole kipya. Huwezi kuchanganya umri wa mtu na umri wa kidole."

Bi. Wacera alibadilisha miwani. "Madam Kanini, taarifa zote mbili ni zako?"

"Ni zangu."

"Saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Na kidole ni cha nani?"

Everlyne aliinamisha kichwa. "Ni cha Bwana Kagiri."

"Basi tunakushukuru kwa uadilifu wako," alisema Bi. Wacera, na wajumbe wakapiga makofi kwa dhati, kwa kuwa wote waliamini kwamba hawajawahi kuona shahidi mwaminifu kuliko yule.

Kwa uamuzi huo Bwana Kagiri alibakiwa na miaka ishirini na sita kazini. Waraka mdogo ulibandikwa mlangoni ukikataza wafanyakazi kumwita Mzee. Na kwa kuwa mtu wa miaka thelathini na minne bado ni kijana, wadi ilimteua kuwakilisha vijana katika baraza la afya. Vijana wa Kawangware walipokwenda kumwona siku ya kwanza walimkuta kivulini.

"Niaje, msee wetu," alimsalimu mmoja wao kwa lugha ya mtaani.

Walisubiri jibu hadi saa kumi, wakaenda zao.

Tarehe tatu Julai, Everlyne aliacha kuandika barua. Alijaza fomu rasmi ya kuomba kufunguliwa kabati, akaiweka mezani pa mkuu juu ya fomu nyingine zote, na kando yake akaweka kipande cha kioo chenye makohozi ya Celine, kikiwa kimefungwa katika karatasi safi, ili kisomwe mara tu hadubini itakapotoka. Bwana Kagiri aliiweka ncha ya kalamu juu ya karatasi. Asubuhi hiyo mawingu ya baridi yalitanda juu ya Gatina, na hayakuondoka.

Tarehe kumi herufi K ilikuwa imekamilika. Tarehe kumi na saba palikuwa na a. Wafanyakazi walipita nyuma ya kiti kwa adabu ili wasimkatishe. Wakoli alileta jiko la makaa, lakini kanuni za maabara zilikataza moto, na Everlyne ndiye aliyemwagiza alitoe nje. Tarehe thelathini na moja, walipokata keki ya kumuaga Everlyne, saini ilikuwa imefika Kagi. Alimshika mkuu mkono wa kwa heri. Ulikuwa baridi na laini, na kidole kidogo kilijikunja kidogo, kama kinachotaka kukumbuka jambo.

Jua lilitoka tarehe kumi na tisa Agosti. Siku hiyo foleni ya maabara ilifika hadi barabarani, na mbele yake kabisa walikuwa Celine na Everlyne. Everlyne alikuwa ameanza kukohoa mwanzoni mwa mwezi, akaja kupimwa kama raia mwingine yeyote.

Saa nne kamili Bwana Kagiri alimalizia r na i. Wakoli, ambaye sasa alikuwa naibu, aliichukua fomu, akaisoma, akaja nayo dirishani. Sura yake ilikuwa ya huzuni ya kweli.

"Madam, imetiwa saini. Lakini mwombaji lazima awe mfanyakazi, na wewe umestaafu. Nitalazimika kuomba upya kwa jina langu."

"Lini?" aliuliza Celine.

"Niko na fomu hapa. Tatizo ni hilo jua, linahama." Akatazama nyuma, ambako mwanga ulikuwa umekwisha kuiacha kona ya meza. "Mlinzi ameenda chai. Mngenisaidia tu kidogo."

Everlyne alimtazama Celine, Celine akamtazama Everlyne. Kisha waliingia ndani, wakashika upande mmoja wa meza, Wakoli akashika wa pili, wakasukuma, wakipumzika kila mmoja wao alipokohoa.