Masizi ya Pikapu

Pikapu yetu ya dizeli ilipoanza kufuka moshi mweusi, ikashindwa kuvuta hata vitanda viwili, mie mchawi nilishamjua. Nikamwita Anwar, dereva wangu wa miaka sita, mbele ya maseremala wote wa Keko.

"Umechakachua mafuta! Dizeli unauza, humo unatia mafuta ya taa."

Randa zikanyamaza.

"Bibi, mie?"

"Kumbe nani? Mie?"

Sadallah, seremala asiyejua kufunga mdomo, akadakia: "Chakachua huyo!" Jina likaganda. Anwar akaweka funguo juu ya kitanda kisichopigwa vanishi bado, akaondoka. Wiki nzima hakuna aliyempa gari. Nani amkabidhi funguo mtu anayeitwa Chakachua?

Gari nikalipeleka kwa Tupokigwe, fundi wa injini, binti mpole. "Nitafutie ushahidi," nikamwambia.

Akachota dizeli kwenye chupa, akaitazama juani, akainusa. "Mafuta mazuri haya, bibi." Akafungua bomba linaloingiza hewa kwenye injini. "Tia kidole."

Tundu la kupita vidole vitatu, changu kimoja kiligoma. Kilitoka kimepakwa uji mweusi.

"Masizi," akasema. "Moshi kidogo wa injini hurudishwa humu. Injini isipopata moto, unagandia. Kwani gari hili hukimbia?"

Nikakitazama kile kidole. Nimeishia darasa la tatu, lakini masizi nayajua. Sufuria haiharibiwi na moto mkali, inaharibiwa na kuni mbichi zinazofukafuka. Na miaka sita kila asubuhi nimempigia Anwar kelele: "Taratibu! Usikanyage! Unanimalizia mafuta!" Keko mpaka Tandika, mwendo wa jeneza. Yeye akiniambia, "Bibi, injini inataka kupumua," mie namwona mjeuri.

"Bibi, unaumwa?"

"Hapana, mwanangu. Safisha tu. Ushahidi nimeupata."

Kidole nilikisugua kwa sabuni, nikakisugua kwa majivu, ukucha ukakataa kutakata. Nikaenda nacho hivyo hivyo kwa Anwar. Alikuwa amekaa kibarazani. Tangu nimjue hajawahi kuninyima shikamoo. Siku hiyo alininyima, nikajiona nimesimama bila khanga.

"Twende Keko," nikasema. "Niliyoyasema mbele za watu nikayafute mbele za watu."

Akanifuata. Nikainua kidole mbele ya maseremala. "Aliyeharibu gari ni mie. Anwar hajaiba hata tone. Mwenye hamu na lile jina, aniite mie."

Kisha Sadallah: "Shikamoo, Bibi Chakachua!"

Wakaangua kicheko.

"Marahaba," nikaitikia. Ningefanyaje?

Tupokigwe alikuwa ameshalisafisha gari na kulileta Keko pamoja na maagizo yake; Anwar akachukua funguo. "Fundi kasema ikishasafishwa ikimbizwe, ichemke. Naenda nayo Tegeta. Unapanda?"

Nikapanda. Foleni ya Barabara ya Bagamoyo ilipolegea, akakanyaga. Neno "taratibu" likanifika menoni, nikaling'ata. Shikamoo yake nilikuwa bado sijaipata. Nikashika mlango, nikaisubiri.