Tisa Nukta Nane

Mimi na mdogo wangu hatukusemezana miaka tisa kwa sababu ya mita moja ya kitambaa. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani hiki ni kisa cha magurudumu peke yake, ingawa bila magurudumu ningekufa na ujinga wangu.

Mimi ni fundi cherehani. Mdogo wangu alikuwa na duka la vitambaa katika mji wa jirani, mwendo wa saa mbili kwa gari, na kwa miaka kumi na moja nilichukua mzigo kwake tu. Kila jora la mita hamsini lililotoka kwake lilikuwa na kituko: ndani yake mlikuwa na kipande kilichokatwa na kukunjwa kando. Nikipima jora, mita arobaini na tisa. Nikipima kipande, mita moja. Jumla hamsini. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaendelea na kazi. Mimi nilijiuliza, jora linatoka kiwandani zima, nani analikata? Nikajijibu kwamba mdogo wangu anadokoa mita moja, kisha roho inamsuta, anairudisha. Nikanyamaza, nikaweka jicho.

Halafu akaugua, akalazwa miezi miwili, na mkewe ndiye akawa ananitumia mzigo. Majora sita yakaja bila kipande. Nikapima yote, moja baada ya jingine: arobaini na tisa, arobaini na tisa. Ahaa! Hospitali ina gharama, nikasema, sasa hata aibu imemtoka. Alipokuwa na wiki mbili tu tangu atoke wodini, nilikwenda dukani kwake nikamwita mwizi mbele ya wateja. Alikuwa amekonda, amejishikiza kwenye kaunta. Alinijibu sentensi moja: "Kaka, pima kwa mita nyingine."

Mita nyingine! Futi ninalopimia ni la baba yetu, la kitambaa kigumu cha manjano, lenye ncha za bati. Ndilo lililotulisha sote wawili. Niliona amenitukana mimi na kumtukana marehemu kwa mpigo mmoja. Nikatoka, na sikurudi tena.

Mwaka huu, siku ya Jumatatu, mama watoto aliweka simu mezani akanitazama kwa namna yake ile ya kutaka vita.

"Shemeji anafunga duka Jumamosi," alisema. "Anahamia kwa binti yake, na huko ni mbali, ndege ndiyo inafika. Tengeneza gari twende tukamuage."

"Gari halina magurudumu."

Sikusema uongo. Rimu mbili za chuma zilikuwa zimepinda kwenye shimo la barabarani tangu mwezi uliopita, tairi zinavuja hewa usiku kucha. Nilikuwa nimeridhika kabisa na hali hiyo. Gari bovu ni udhuru mzuri.

"Basi kanunue rimu," akasema. "Usipokwenda safari hii, wewe na mdogo wako mtaonana kwenye mazishi, na mmoja wenu hatakuwa anasikia."

Kusema kweli niliogopa.

Kuna muuza rimu karibu na kituo cha mafuta, kijana mnene mpole, watu wanamwita Bwana Pole kwa sababu kila mteja akilalamika yeye husema pole kwanza. Rimu zake zinaning'inia ukutani toka sakafu hadi dari, za kung'aa, za mitumba, za kila aina. Nilipiga simu kuulizia. Akaniambia, "Mzee wangu, lete gari nilione, au niambie ni gari gani."

Hapa pana namna, nikajisemea. Akilijua gari atajua nina shida kiasi gani. Na nikimpelekea gurudumu langu alipime, nani atanihakikishia nitarudishiwa lile lile? Nikamwambia nitapima mwenyewe. Miaka thelathini napima viuno, mabega na mapaja, nitashindwa na chuma?

Jumanne asubuhi nikapandisha gari kwa jeki, nikafungua gurudumu moja zima, nikalilaza uani. Mama watoto akashika ncha moja ya futi, mimi nyingine. Matundu ya nati yalikuwa manne. Nilipima toka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la mkabala: sentimita tisa nukta nane. Nikarudia mara tatu, nikaandika kwenye karatasi, nikaikunja na kuitia mfuko wa ndani.

Bwana Pole aliisoma ile karatasi, akajikuna shingo.

"Tisa nukta nane? Una hakika, mzee? Magari mengi ya matundu manne yanayokuja hapa ni kumi kamili. Hizo za tisa nukta nane zipo, lakini ni za magari machache sana."

Nikamtupia jicho. Ukutani kwake zilikuwa zimejaa rimu za kumi. Mtu akikusukumia kitu alicho nacho kwa wingi, ujue anataka kumaliza stoo.

"Nataka nilichoandika."

"Basi tulitazame gari tu, dakika mbili. Si matundu peke yake. Kuna tundu la katikati, lazima likae kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa, bila kucheza. Kuna kina cha rimu, isije tairi ikasugua bodi ukikata kona..."

"Kijana, unauza rimu au unatoa mtihani?"

"Pole, mzee," akasema, akaenda nyuma. Alirudi na seti ya rimu nne zenye vumbi la kuandikia jina. Moyo wangu ukatulia. Kitu kilichofichwa nyuma ndicho chenyewe, nilifikiri, vya ukutani ni vya kuwaingiza watu mjini.

Nikajaza upepo, nikalileta gari pole pole. Tairi zangu zikahamishiwa kwenye rimu hizo, na fundi gari wa pale nje akazifunga huku nimemsimamia kichwani, nahesabu nati kama zaka. Kwenye gurudumu la pili akasita.

"Mzee, nati zinaingia, lakini kwa ubishi. Hazikai sawasawa kwenye matundu."

Anataka hela ya ziada, nikajua. "Kaza," nikamwambia. Akakaza mpaka spana ikalia.

Alhamisi alfajiri tukaondoka, mama watoto amevaa gauni lake la kutokea, kikapu cha zawadi mapajani. Kabla hatujatoka mjini usukani ulikuwa unatetemeka. Nikasema ni barabara. Barabara ikawa nzuri, usukani ukazidi, hadi meno yangu yakagongana. Kutoka mbele kushoto ukasikika mlio, kwa, kwa, kwa.

"Simamisha," mama watoto akasema. "Simamisha gari sasa hivi!"

Nikashuka. Nati moja haikuwepo. Ya pili niliizungusha kwa vidole viwili, ikatoka kama kifungo cha shati. Lori likatupita wakati ule ule, upepo wake ukalitikisa gari zima, na nilimwona mke wangu nyuma ya kioo amefumba macho, midomo inacheza. Tungekwenda mwendo mwingine kidogo, gurudumu lingetuaga.

Nilikaza zilizobaki, tukarudi kwa mwendo wa kusindikiza jeneza. Njia nzima nilikuwa najenga kesi. Fundi alilegeza nati makusudi nirudi kwake. Au Bwana Pole alinipa rimu za kumi zilizochakaa, akidhani mzee hajui kitu. Au wanashirikiana, mmoja anauza, mwingine analegeza.

"Umeniuzia mbuzi kwenye gunia!" nilianza kabla sijafunga mlango wa gari. "Ungeua watu!"

"Pole, mzee. Pole, mama." Alimtolea mke wangu kiti, kisha akalifungua gurudumu na kulilaza mezani. Akachukua rula ya chuma, akapima matundu mbele yangu. "Tisa nukta nane. Kama ulivyoandika."

Ilikuwa kweli. Akamtuma fundi alete rimu yangu ya zamani, niliyokuwa nimeiacha kwake pamoja na zile nyingine tatu. Akapima. "Kumi kamili. Gari lako ni la kumi, mzee. Nati zilikuwa zinavutwa upande, ndiyo maana zimelegea."

"Rula yako mbovu."

Hakubisha. Akaleta ya pili, ya mbao. Kumi. Mimi nikavuka barabara hadi duka la vifaa vya shule, nikanunua rula mpya ndani ya nailoni yake, ambayo hakuna mtu aliyepata nafasi ya kuichezea. Nikaifungua kwa meno, nikapima.

Kumi.

Nikatoa futi la baba mfukoni. Nikalilaza juu ya ile rula mpya. Pale rula iliposema kumi, futi lilisema tisa nukta nane. Nikalivuta, nikalilegeza, nikaligeuza. Lilisema vile vile.

"Futi za kitambaa huvutika, mzee," Bwana Pole alisema kwa sauti ya chini. "Zikishakuwa za siku nyingi. Si kosa la mtu."

"Haiwezekani. Ningejua. Nguo zangu zinawakaa watu!"

Mama watoto ndiye aliyejibu, kutoka kwenye kiti chake. Miaka thelathini amekaa karibu na meza yangu. "Unampima mtu kwa futi hilo, na kitambaa unakikata kwa futi hilo hilo. Utajuaje?"

Nilikwenda nikakaa juu ya rundo la tairi kuukuu, nikashika tama. Kumi inasomeka tisa nukta nane. Mia inasomeka tisini na nane. Na hamsini? Sikuhitaji karatasi. Hamsini inasomeka arobaini na tisa.

Majora sita. Yote yalikuwa kamili.

Nililia pale, mbele ya fundi gari na wateja wawili waliokuja kujaza upepo. Niliona uchungu na niliona aibu, na sijui kipi kilitangulia. Ndugu yangu wa tumbo moja nilimwita mwizi akiwa hajaweza hata kusimama vizuri.

Baadaye Bwana Pole akaniuliza tufanyeje. Nikampa ufunguo wa gari. "Pima wewe," nikasema, nikageuka nikatazama ukuta. Nilimsikia akipima matundu, akijaribu tundu la katikati, akilala chini na tochi huku fundi akikata usukani kulia na kushoto kuona kama tairi inagusa bodi. Seti ya kwanza aliikataa mwenyewe, ilitokeza nje mno. Ya pili ikakaa. Nati ziliingia kwa mkono hadi mwisho, bila ubishi, spana ikaja kumalizia tu.

Jumamosi saa nne tulikuwa mlangoni kwa mdogo wangu. Rafu zilikuwa tupu, sakafu imefagiliwa. Alikuwa anafunga majora matatu ya mwisho kwa kamba. Nywele zake zote nyeupe. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba mdogo wangu amezeeka.

"Kaka," alisema, kama mtu aliyeniona juzi.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Niliyaacha yote garini. Nikaweka futi la baba juu ya kaunta, pembeni ya mita yake ya chuma iliyopigiliwa pale, nikalinyoosha. Mita yake iliposema mia, futi lilisema tisini na nane. Tukalitazama wote watatu.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Uliniletea kipande cha sampuli, ukaniambia ni mita, nikakipima hapa."

"Na vile vipande ndani ya majora?"

Akainamisha kichwa. "Vilikuwa vyangu. Nilikuwa nakata mita moja ya futi lako kutoka jora jingine, natia kwenye lako, ili ukipima upate hamsini zako. Nilipolazwa, mke wangu hakujua. Alituma majora kama yalivyotoka kiwandani."

Miaka kumi na moja! Mita moja kila jora, kutoka mfukoni mwake, na mimi niliziita ushahidi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba alipofariki wewe ulichukua futi, mimi nikachukua mkasi. Ningesema futi lako bovu, ungesemaje?"

Nilijua ningesemaje. Ningesema anataka tugawane upya.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilikosea. Nilikukosea sana."

Alizunguka kaunta taratibu, akanikumbatia. Mwili wake ulikuwa mwepesi. Alinishika muda mrefu, na mama watoto alijifanya anasoma bei kwenye rafu ambayo haikuwa na kitu.

Mchana, tulipokuwa tunaondoka, alitusindikiza hadi kwenye gari. Akainama kuangalia magurudumu, akayapapasa.

"Mapya. Yamekaa vizuri," akasema, kisha akaninyanyulia macho. Alikuwa ameanza kucheka. "Ulipima mwenyewe?"

"Nilipimiwa."

Akacheka hadi akashika mlango. Kisha akaniomba nisubiri, akarudi ndani haraka haraka. Nikamwona kupitia dirishani akifungua kamba aliyokuwa amekwisha kuifunga, akinyoosha kitambaa kwenye mita ya chuma, akikata kwa mkasi wa baba. Alikuja na kipande kimekunjwa vizuri, akakipitisha dirishani, akakiweka mapajani mwangu.

"Cha nini hiki?"

"Mazoea," akasema.

Nikawasha gari, nikalizima. Mama watoto akashuka, akazunguka upande wangu, akaniambia nihame kiti, ataendesha yeye, maana nilikuwa sioni barabara.