Sanduku la Waheshimiwa

Kaka mtu aliingia karakana na suti yake ya bungeni, akatafuta pa kukaa, akaona vumbi la mbao kila mahali, akabaki amesimama. Dada mtu, fundi seremala, hakumfutia benchi. Aliendelea kusukuma randa kana kwamba aliyeingia ni paka.

Alikuwa na sababu. Wiki ile Bunge lilikuwa limebadilisha katiba. Miaka yote rais alichaguliwa na wananchi, kila mtu na karatasi yake. Sasa atachaguliwa na wabunge peke yao, wamejifungia kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Na aliyepeleka muswada huo, akapigiwa makofi mpaka kichwa kikamvimba, ni huyu huyu aliyenyonya ziwa moja na fundi. Masanduku ya kura yaliyompa huo ubunge yalitoka kwenye karakana hii hii.

"Nimekuletea kazi," kaka akasema. "Sanduku la kura ya rais."

"Mangapi?"

"Moja. Lakini liwe zuri, maana nchi nzima itaangalia."

"Moja! Enzi za baba tulikuwa tunajaza malori. Leo nchi nzima inaenea kwenye sanduku moja?"

"Dada, uchaguzi ule ulikuwa gharama na fujo tupu. Sisi si tunawawakilisha?"

"Nilikutuma ukaniombee barabara, kaka. Nani alikutuma ukanichagulie rais?"

Mzee Msasa, aliyefanya kazi na marehemu baba yao tangu ujana wake, alishindwa kujizuia. Cheko lilimtoka puani. Mheshimiwa akakunja uso.

"Kiwanja hiki baba alikiandikisha kwa jina langu," akasema taratibu. "Sijawahi kukugusa. Usinilazimishe."

Randa ikasimama. Hapa ndipo fundi alipojifunza kushika patasi, na hapa ndipo walipopatia chakula, yeye na Mzee Msasa. Hakuwa na pengine. Alimwangalia kaka yake kuanzia viatu mpaka tai, akaishika tena randa.

"Utalipata," akasema.

Basi akalitengeneza, na hakulipua kazi. Alichagua mbao nyekundu isiyo na kifundo hata kimoja, akaweka mlango mdogo ubavuni, bawaba za shaba, na vanishi ambayo mtu angeweza kujitazamia meno. Mfuniko wa juu aliufanya peke yake, mlango umefungwa. Mzee Msasa alipoonyeshwa kazi iliyokwisha, alipitisha kidole juu yake, akatoa macho, kisha akaenda nje kucheka.

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi yake. Baba yao hakuruhusu sanduku litoke kabla halijajaribiwa: unatia karatasi tupu juu, unafungua mlango, unaitazama imelalaje. Kazi hiyo walipewa watoto wake wawili, na walikuwa wakiigombania mpaka wanavutana mashati.

Asubuhi ya uchaguzi kaka alikuja mbiombio. Mzee Msasa akamnyooshea karatasi.

"Jaribu kwanza, Mheshimiwa. Si unakumbuka?"

"Ah, mambo ya enzi za mzee hayo! Pakieni kwenye gari, nimechelewa."

Fundi alikuwa amesimama pale pale. Kama kaka angeichukua ile karatasi, angemwambia kila kitu. Hakuichukua.

Baadaye majirani walijazana karakana mbele ya runinga. Spika alifungua mlango wa ubavuni, akawaonyesha waheshimiwa kwamba sanduku ni tupu, akalifunga kwa lakiri. Kisha, kwa heshima ya kuleta muswada, kaka yake fundi akaitwa apige kura ya kwanza.

Akapanda akitabasamu. Akaweka karatasi kwenye tundu. Karatasi ikapinda. Akaigeuza, akasukuma tena. Mwishowe akapapasa kwa kidole, na tabasamu likamwisha usoni. Kilichoonekana kama tundu kilikuwa ukanda wa mpingo mweusi, umechomekwa kwenye mfuniko na kulainishwa hadi usiusikie ukipapasa. Hapakuwa na tundu lolote.

Karakana ililipuka kwa kicheko. Mtu mmoja alianguka kwenye takataka za mbao. Fundi naye alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu muswada upite alijisikia mwepesi.

Lakini Spika hakutoa hata jasho. "Waheshimiwa, tusipoteze muda," akasema. "Wanaokubali waseme ndiyo." Wakasema ndiyo. Rais akawa amepatikana, na sanduku likasukumwa pembeni wapate nafasi ya kupiga picha. Watu wakaacha kucheka. Kumbe hata hilo moja hawakulihitaji. Majirani wakatawanyika bila kuagana, na fundi akabaki anaiangalia runinga kwa chuki.

Jua halijazama, kaka akafika na kufuli mpya.

"Umeniaibisha mbele ya nchi nzima!"

"Karatasi ya kujaribia uliletewa mpaka mkononi."

"Mimi ni ndugu yako! Nimekukosea nini?"

"Nilitaka usimame na kura yako, uangalie huku na huku, usione pa kuitia. Ulisikiaje, kaka?"

"Toka."

Fundi alichukua randa ya baba yao, Mzee Msasa akabeba patasi, wakatoka. Kaka akafunga mlango, akaingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo wa kufuli. Ufunguo ukatoka pamoja na ile karatasi yake ya kura, imepinda kona, ikaanguka vumbini. Alikuwa hajaitia popote.

Fundi akainama, akaiokota, akaipangusa kwa kanga yake, akamrudishia.

"Itunze," akamwambia. "Safari ijayo hata wewe hawatakuita."

Kaka akabaki amesimama mlangoni, mkono mmoja una kufuli, mwingine una kura.